Nukta ya Penseli

Nilifika Kutaisi na daftari jipya na kalamu tatu.
Mkurugenzi wa hospitali ya wazazi akanipa chai na sentensi moja:
"Tunataka mfumo. Wa kisasa. Kabla ya Pasaka."
Ufanye nini, nikauliza.
Akatazama dirishani, Rioni imevimba kwa theluji iliyoyeyuka.
"Kila kitu," akasema. "Lakini haraka."

Mficha uchi hazai, nilitaka kumwambia,
humu humu ndani ya nyumba ya kuzalia.
Nikaandika: kila kitu.
Nikaandika: haraka.

Daktari Eteri alitaka asiguse kibodi kamwe.
Tsiala wa zamu ya usiku alitaka herufi kubwa:
"Saa tisa za usiku macho yangu ni ya kuazima."
Mhasibu alitaka kila mtoto atoke na namba ya ankara.
Na Gocha bawabu, ambaye hata kwenye orodha yangu hakuwamo,
aliuliza afunge lango saa ngapi
ikiwa baba amekuja na maua, na amelewa.
Nikacheka, nikaliandika.
Baadaye nikaona ni lake peke yake
lenye mtu, lenye saa, lenye sababu.

Neno "mgonjwa" lilitula siku mbili.
Mjamzito ni mgonjwa? Ndiyo, akishalala kitandani, alisema Eteri.
Tsiala: hapana, ni mzazi.
Mhasibu: ni mlipaji.
Na aliyezaliwa alfajiri, hajapewa jina,
kisanduku chake kitakubali kubaki kitupu,
au kitapiga kelele kwa wino mwekundu
mpaka mtu amwite chochote?

Siku ya nne nikashuka chini, masjala, kwa Lamara.
Miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja,
shali la sufu, heta inayonuka vumbi,
leja zenye herufi zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu.
Jina. Saa. Uzito. Damu.
Na ukingoni, pasipo na safu yoyote,
nukta ya penseli.
Si kila mstari. Mmoja katika ishirini, pengine.

"Hii ni nini?"
"Si kitu."

Kuuliza si ujinga, lakini nusu ya kazi yangu
ni kuuliza, na nusu ni kuacha chai ipoe.
Ikapoa.
Akapasua jozi, akatenga maganda, akasema bila kuniangalia:
"Huyo usimpigie mume. Mpigie dada yake."

Basi.
Hakuna aliyemwagiza. Hakuna waraka.
Wauguzi walijua kuisoma; waume waliodai waione leja
waliona uchafu wa karatasi.

Usiku, hotelini, nikaandika: *Mfumo utaruhusu alama...*
Nikafuta.
*Mfumo utaficha alama...*
Nikafuta. Utaificha kwa nani? Na yule mwenye binamu
kwenye chumba cha kompyuta?
Penseli hufutika. Kompyuta hutunza nani kaandika,
lini, akiwa ameketi wapi,
na siku moja humwambia mtu.
Niliogopa kazi yangu mwenyewe,
nikalala na viatu.

Asubuhi nikarudi kwa Lamara na ukurasa mtupu.
Nikamwambia ukweli: sijui kuliandika hili.
Akaichukua kalamu yangu, akaitazama kama mboga ya jana,
akachukua penseli yake.
"Weka namba ya simu. Moja tu. Isiseme ni ya nani.
Kila mama aulizwe, si hawa tu.
Na aulizwe akiwa peke yake, mlango umefungwa."

Mkurugenzi akafika hapo, ukurasa wa kumi na tisa, akasimama.
"Mlango? Mlango nao ni wa mfumo?"
Nikasema ndiyo.
Akaangalia kalenda, akaangalia Pasaka, akatia sahihi.

Gocha alinifungulia lango.
Akataka kujua kama saa yake imeandikwa.
Imeandikwa, nikamwambia. Ukurasa wa tatu.