Mpangaji Asiye na Risiti

Saa kumi alfajiri, Otiende ingali imefumba jicho moja,
nakanda unga wa chapati kwenye karai,
na yeye anapita.

Hapiti kama mbwa. Mbwa hupita akiomba radhi,
mkia ukitangulia kusema.
Bweha hupita kama mtu aliyelipa kodi:
masikio wima, mgongoni koti jeusi lenye mvi,
miguu myembamba ya mkimbiaji
ambaye hakuna aliyewahi kumvisha medali.
Huinusa ndoo yangu ya maganda,
huamua haimfai, huenda zake.

Mara ya kwanza nilishika mwiko kama panga.
Mara ya pili nikasema, "Haya, na wewe umeamka."
Mara ya tatu nilikuwa nimeshaweka shingo mbili za kuku
juu ya mfuniko wa mtaro,
na sikumwambia mtu,
hata Nafuna, ambaye namwambia mpaka madeni yangu.

Jumapili kikao kilijaa hadi kwenye ngazi.
Mzee Obuya amepoteza bata wawili.
Paka wa Mama Kendi hajaonekana tangu Jumanne;
picha yake ikapita simu kwa mkono,
tukaitazama kwa sauti ya chini, kama ya marehemu.
Waya wa mbuga umetoboka, alisema mmoja.
Reli imewapita juu ya vichwa, alisema mwingine.
Ni taka zetu, alisema kijana wa ghorofa ya tatu,
na huyo hakujibiwa.

Mwenyekiti Kisilu akasimama, akakohoa:
"Mnyama ana kwao. Arudi kwao."

Nikahesabu kimoyomoyo.
Obuya, kwao Bondo. Kendi, kwao Chuka.
Halkano wa getini, kwao Marsabit. Mimi, Mwingi.
Kisilu mwenyewe kila Desemba hufunga mlango kwa kufuli mbili
akisema, "Naenda nyumbani."
Katika ukumbi mzima
hakuna aliyekuwa na kwao hapa
ila yule tuliyekuwa tukimjadili,
na mama yake, na bibi yake,
kabla Otiende haijaitwa Otiende.

Nilifikiri hayo. Sikuyasema.
Kofia ilipozungushwa, hamsini hamsini, ya sumu,
nilitoa hamsini yangu.
Nisijipake mafuta hapa. Niliitoa,
tena nikasubiri chenji ya mia.

Jumatatu, saa kumi.
Kipande cha nyama, chekundu, kizuri kuliko ninachokula mimi,
kimewekwa juu ya mfuniko wa mtaro.
Pale pale.
Nani alimfundisha kwamba pale huwekwa chakula cha heri?

Akatokea kwenye ua wa michongoma, bila haraka,
akija kama mtu anayejulikana jina.
Nikapiga karai kwa mwiko. Nikapiga tena,
nikapiga mpaka taa zikawaka ghorofa ya kwanza, ya pili,
nikamtusi kwa Kikamba, matusi ya baba yangu,
nikamrushia kandambili, ya kushoto, kisha ya kulia.
Alisimama kidogo.
Sijui macho ya bweha husema nini.
Ninajua ya kwangu yalikuwa yamejaa moshi,
na jiko nilikuwa sijaliwasha.

Nyama niliichoma hadi ikawa majivu.
Kwenye jiko lile lile; sikuwa na jingine.
Siku hiyo sikuuza chapati hata moja.
"Unga umeisha," niliwaambia mafundi wa mjengo,
na mfuko wa kilo kumi umekaa nyuma yangu, wazi, unanisikiliza.

Paka wa Mama Kendi alirudi Alhamisi,
mnene, shingoni ana utepe wa nyumba nyingine.
Bata hawakurudi.

Bado naamka saa kumi. Bado mfuniko ni mtupu.
Juzi nilimsikia ng'ambo ya barabara kuu,
sauti nyembamba, ya kupanda, kisha ikakatika.
Halkano alitoa shingo kwenye kibanda chake:
"Mama Chapati, umesikia?"

Nikaendelea kukanda.
"Ni mlango," nikasema. "Unataka mafuta."