Aliyezaliwa Mzee

Mikanda ilitufikia Moshi imechoka,
imepita Karachi, Mombasa, Voi,
imepita mikononi mwa watu na kwenye meno ya mashine,
ikashushwa stesheni ndani ya makopo ya bati
na vumbi la Taveta juu ya vifuniko.
Haikuja kwa zamu. Ilikuja ilivyopatikana.

Ndiyo maana mimi, Aminieli wa chumba cha mashine,
nilimjua Mehrdin Sialvi akiwa kikongwe kwanza:
hakimu mwenye kikohozi, sentensi moja, nyundo, basi.
Mwaka uliofuata akaja na mvi nusu,
baba anayemfukuza mwana kisha anaulilia mlango.
Halafu jambazi wa Kipunjabi, masharubu kama pembe za nyati,
shoka begani, anacheka hadi spika inakwaruza.
Mwisho kabisa, katika mkanda wenye michirizi kama mvua ya Machame,
kijana mwembamba anapita nyuma ya nyota wa filamu
amebeba sinia la chai.
Hasemi kitu. Anapita tu.
Nikanong'ona peke yangu: karibu, mzee, umezaliwa.

Kiurdu sikukijua. Nani alikijua pale viti vya mbele,
viti vya senti hamsini, watoto wa Njoro na Majengo?
Lakini tulikuwa tunaokota.
Akisema dunia, tunaitikia dunia.
Akisema kitabu, kaburi, maskini, habari,
tunageukiana: kumbe huyu ni wa kwetu!
Yaliyobaki tuliyamalizia wenyewe,
na sina hakika kama yetu hayakuwa bora.

Alikufa sana.
Kwa sumu, kwa risasi, kwa kuanguka farasini, kwa aibu.
Nilihesabu kwa chaki nyuma ya mlango: thelathini na tisa.
Nyota hafi, nyota ana wimbo wa mwisho;
wa kufa ni yeye, ili wengine wapate sababu ya kulia.
Aliifanya kazi hiyo bila haraka,
kama fundi apindaye kanzu ambayo hataivaa.

Jumamosi moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika,
nami kwa papara ya giza
nikafunga mkanda wa saba kabla ya wa sita.
Baba akafa, akazikwa, wanawake wakapangusa macho,
mara huyo anaingia jikoni, anauliza kama chai iko tayari.
Ukumbi ukalipuka. Kofia zikaruka.
Bwana Walji alipanda ngazi akihema,
akanikata shilingi kumi, na haki yake.

Ila nje, chini ya taa ya tiketi, alinisubiri
Sohan Singh wa kiwanda cha mbao,
mkono wa kulia vidole vitatu, msumeno ulichukua vingine,
mtu ambaye hakuwahi kunisalimu.
Kiswahili chake kilikuwa kama ubao: kifupi, kimenyooka.
"Kesho onyesha vilevile."
Nikamwambia lilikuwa kosa, bwana.
"Mimi najua kosa. Mimi naacha baba Lailpur,
mlango wazi, chai jikoni.
Onyesha vilevile."

Jumapili nikakosea tena, makusudi.
Alikaa safu ya kumi, kilemba kikiwaziba wa nyuma,
na hakuna aliyemwambia ainame.

Sasa ukumbi ule unauza magodoro.
Juzi mjukuu kaniletea simu: babu, mzee wako kafariki,
safari hii kweli, Lahore, miaka themanini na tisa.
Picha waliyoweka ni ya yule hakimu.
Sikubisha. Nikashusha kopo la Blue Band
nilimohifadhi vipande nilivyokuwa nikikata
kila mkanda ulipokatika, vidogo kama ukucha,
nikakiinua kimoja dirishani, upande wa Kibo:
sinia, mkono, nusu ya sikio.

Arobaini, basi.
Mjukuu akauliza, unatafuta nini tena huko mvunguni?
Chaki, nikamwambia.