Wiki ya Tatu, Goiânia

Daktari alinichora tumbo kwa kalamu ya zambarau
kama fundi cherehani apimaye mteja mbishi.
Hakunificha: utatembea umepinda, Jussara,
utalala umekunja magoti,
utakohoa ukiwa umekumbatia mto.

Kicheko hakukitaja. Kicheko ndicho kinachouma.

Neide, wifi yangu, anapima maji mekundu
yanayotoka mrijani.
"Leo mililita arobaini!" anatangaza,
kama bei ya nyanya.

Mapacha wananyoosha mikono. Siwabebi.
Wiki sita, nimeambiwa. Breno analia mlangoni;
Ravi anaupiga ngumi mkanda unaonibana,
akibisha hodi kwenye nyumba aliyoihama.

Chini ya kitovu hapana hisia:
naona ninajigusa, basi.
Kiuno ni kinene kuliko nilivyoingia.
Subiri, anasema Neide,
uvimbe huja mbio, huondoka ukitambaa.

Michirizi waliyoniachia wanangu
imekwenda na ngozi, kwenye ndoo gani sijui.
Mmoja umebaki juu ya kovu, mwembamba, wa fedha.
Sikumwomba daktari auache.
Lakini kila asubuhi nautafuta huo kwanza,
kabla kioo hakijasema neno.