Dakika ya Thelathini na Moja

Miezi minne na siku kumi
nimekaa kizuka katika fleti hii ya Mtemani,
nguo mbili, kanga moja ya kujitanda,
bila wanja, bila udi,
na televisheni imegeuzwa uso ukutani
kama mtoto aliyetiwa adabu.
Si haramu, alisema shangazi,
ila watu, mwanangu. Watu.

Leo nimetoka. Nimekogeshwa, nimefukizwa.
Wageni wamekula pilau wakaenda zao,
kabaki Ussi, mtoto wa wifi yangu, mlangoni,
flashi mkononi, anaipindua-pindua.
"Bi Raya, dunia imekupita.
Nimekutilia kila kitu."

Kila kitu ni giga thelathini na mbili.

Tukaanza na gemu la mpira.
Ati timu zimebadilika: huyu kauzwa, yule kastaafu,
na wachezaji siku hizi wanatoka jasho.
Nimejifunga mwenyewe mara mbili,
Ussi kanitia sita,
nikacheka kwa sauti, nikaziba mdomo,
kisha nikakumbuka
ruhusa ninayo.

Halafu nyimbo.
Kuna moja naijua tangu mfunguo mosi,
ilipenya ukutani kutoka kwa akina Bimize
usiku baada ya usiku,
mpaka nikawa naosha vyombo kwa mapigo yake
na sina hakika eda yangu haikuingia kasoro.
Nilidhani mwimbaji ni mwanamke mzima,
mwenye kifua, mwenye dhahabu.
Kumbe kijana mwembamba,
kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.
Nimeghadhibika kama bibi harusi
aliyeonyeshwa picha ya mtu mwingine.

Ussi kapitiwa na usingizi kwenye busati.
Nikaifungua kompyuta yako, Shaame.
Ufa wa kioo uko pale pale,
na punje ya wali chini ya herufi M.
Nikaitafuta tamthilia yetu ya Kituruki,
ile iliyotiwa Kiswahili na watu wenye mafua.
Nani alimtilia sumu mzee wa vitambaa?
Mimi nilisema shemeji. Wewe ulisema mpishi.
Tukawekeana halua, kikapu kizima,
tukala yamini: hakuna kutangulia.
Tuliachia sehemu ya nane.

Nikabonyeza.
Mashine haijui kumstiri maiti.
Ikaniuliza, uendelee ulipoishia?
Sehemu ya kumi na mbili,
dakika ya thelathini na moja.

Wallahi nilisimama.
Mwizi wewe!
Lini? Nilipokwenda harusini Konde
ukaniambia kichwa kinakugonga?

Nikazitazama zote nne mpaka adhana ya alfajiri,
na dakika ya thelathini huyo shemeji
kapiga magoti, kamasi zinamtoka, anaungama.
Dakika ya thelathini na moja
ukazima.

Ndipo nikaikumbuka Alkhamisi ile,
umeingia na halua kwenye kikapu cha ukindu, ingali moto.
Nikauliza, "Ya nini, na huu mwisho wa mwezi?"
Ukasema, "Deni."
"La nani?"
Ukacheka mpaka ukakohoa.
Na usiku ule ule ukamshutumu mpishi,
uso mkavu,
ukawashinda Waturuki wote kwa kuigiza.

Siku ya maziko kaka yako alitangaza:
anayemdai Shaame na ajitokeze.
Mimi nilikuwa ndani, sikufungua mdomo.
Kumbe nilikuwa nakudai,
kumbe umeshanilipa.

Sasa niko dakika ya thelathini na mbili.
Huku hujafika.
Zimebaki sehemu arobaini, sina haraka:
moja kila Alkhamisi, baada ya Yasini.

Mpishi kaachiwa, kwa taarifa yako.
Kafungua mkahawa.
Watu wanaogopa kula.