Kinyumenyume Hadi Mlangoni

Fundi Bwambale alifika na jembe.
Vigae vilibaki barazani ndani ya makasha yao,
na mama akavikalia.

"Kwanza tuitoe hii ya zamani," alisema fundi,
akaipiga sakafu pigo moja,
nayo ikalia kama mkate mkavu.

Kumbe sakafu ya mama haikuwa moja.
Ilimeguka kwa matabaka, nyembamba kama chapati za jana:
tabaka la Krismasi, tabaka la harusi ya Masereka,
tabaka jeusi la mwaka tuliokosa ng'ombe, majivu matupu,
na chini kabisa mchanga wa Nyamwamba,
mwaka ule mto ulipoingia bila hodi
ukalala nasi siku tatu.
Katikati yake kifungo cha sare ya shule,
sindano, jino la sijui nani,
na nyayo za kuku asiyejua kusubiri.

Kila Jumamosi mtu alitumwa kwa Thembo
kuokota mavi mabichi, bado yana moto.
Mimi. Mtu huyo alikuwa mimi.
Niliyabeba kwa jani la mgomba, pua nimeielekeza milimani.
Mama aliyachanganya na majivu
na udongo wa kichuguu uliochekechwa,
maji kidogo, tena kidogo,
mpaka yakubali.
Na harufu ile, niseme kweli, haikudumu.
Ikikauka ilikuwa nyasi baada ya mvua,
na chumba kikapoa hata mchana wa Kasese,
mchana unaokaanga mabati.

Kiganja chake kilichora nusu duara juu ya nusu duara.
Alianzia kona ya mbali, uvunguni mwa kitanda,
akarudi kwa magoti, kinyumenyume,
mpaka mlangoni, mpaka nje.
"Ukianzia mlangoni," alinionya,
"utajifungia ndani na kazi yako."
Nilikuwa na miaka saba. Nilianzia mlangoni.
Nikakaa konani mpaka jua likageuka,
nalia, sakafu mbichi imenizingira pande zote,
naye nje anapepeta maharagwe
kana kwamba hana mtoto.

Sisemi ilikuwa pepo.
Kufika Alhamisi vumbi limerudi.
Funza walivijua vidole vyangu kimoja kimoja.
Na mwaka juzi mama aliinama kukandika, hakuinuka;
tukamwinua watu wawili,
mkono wake bado umelowa.
Ndipo Masereka akatuma pesa.

Kokoto. Saruji ya Hima, mifuko tisa.
Kipima maji, na kile kipovu chake kisichotaka kutulia.
"Kona ya jikoni iko chini vidole viwili," fundi alicheka,
"mlikuwa mnaishi mteremkoni!"
Tulijua. Chungwa likianguka mezani
lilikuwa na njia yake.

Siku ya vigae mama aliweka kiti mlangoni.
Fundi alianzia kona ya mbali, pale palipokuwa kitanda,
akapaka saruji kwa mwiko wa meno,
nusu duara juu ya nusu duara,
akalaza kigae, akakigonga kwa nyundo ya mpira,
akarudi nyuma. Goti, kigae, goti,
visigino vyake vikimjia mama polepole
tangu asubuhi hadi alasiri.
Alipofika kizingitini mama alivuta kiti kumpisha.
"Huyu," alininong'oneza,
"kalelewa na mwanamke mwenye sakafu."

Siku hizi Jumamosi ni ndoo na kitambaa,
sabuni tone moja, maji ya kukamuliwa,
maana vigae vikilowa vinamtafuta mzee.
Mama haruhusiwi kuinama. Anaamuru tu kutoka kitini:
pale, pale, umeruka pale.
Naanzia kona ya mbali.

Chungwa likianguka sasa
linabaki palepale lilipoangukia,
kama mgeni anayesubiri
kuonyeshwa pa kukaa.