Lishushe Kwanza

Ngo. Ngo-ngo.
Kila nikikata kona ya Makupa, mguu wa mbele kushoto
unagonga kama mgeni asiyejua kupiga hodi.
Nikasema ni shokamzoba. Nyanje akalala chini ya gari,
akatia mtaimbo, akausukuma taratibu,
na mkono wa chuma ukatembea.
"Bushi zimekufa," akasema kutoka huko chini.
Nilikuwa naona viatu vyake tu, kimoja hakina kamba.

Korola hii ni ya mwaka wa themanini na tatu.
Ami Sudi aliiacha na nusu tangi na deni la betri.
Ndiyo inayonibebea keki: ghorofa tatu, nne,
harusi za Kisauni, akika za Tudor.
Jumamosi ile, ya bibi harusi wa Bombolulu,
ghorofa ya juu ilihamia kwa jirani.
Nikasimama kando ya daraja la Nyali na kisu cha krimu,
naziba ufa kwa sukari, malori yananipigia honi.

Kwa Taherali, Mwembe Tayari, kioo cha kaunta kimepasuka.
Akanipangia jozi tatu juu yake
kama sonara anayeonyesha pete.

Za kwanza za kasha la Japani, maandishi yamefifia.
Raba ya asili. Bei ikanichekesha.
Nikabonyeza moja kwa kidole gumba:
ufa mwembamba ukafunguka, mdomo wa mtoto aliyelala.
"Za lini hizi?"
"Mali safi, mama. Haijaguswa."
Haijaguswa, kweli. Shangazi Mwanakheri naye
aliacha sanduku la kanga zisizoguswa;
tulipozikunjua zikakatika mkunjoni.

Za pili nyekundu, plastiki ngumu, zinang'aa kama peremende.
"Hizi utazirithisha. Hazifi."
Nyanje, aliyenisindikiza, akaguna.
"Hazifi, zitakuua wewe. Kila kokoto la Jomvu
litapanda mpaka kwenye magego.
Na grisi ikikauka, zitalia kama mlango wa choo."
Gari la mashindano, sawa. Gari la keki?

Za tatu raba tena, kasha jeupe,
jina sijapata kulisikia. Bei ya katikati.
Nikazinusa. Nyanje akazinusa.
Taherali akatutazama kama tuko soko la samaki.
Zilinuka ndala mpya. Nikabonyeza: ikaingia, ikarudi
polepole, kama kinyunya kilichopumzika chini ya kitambaa,
na hapo vidole vyangu vikajua kabla yangu.
"Zitadumu?"
"Miaka mitatu," akasema Nyanje. "Minne, ukiyaheshimu matuta."
Kwani nilikuwa natafuta cha milele?
Keki yangu yenyewe haimalizi siku mbili.

Nikalipa. Kalamu ya risiti ilikuwa imekauka;
nimebaki na mikwaruzo.

Gerejini Changamwe, jua limekalia mabati.
Za zamani zikatoka kwa moto na nyundo,
vipande vyeusi, tende zilizosahauliwa.
Mpya zikaingia kwa maji ya sabuni. Si grisi;
grisi hula raba, alisema, na akasema tena.
Akatia bolti. Nikampa spana. Hakuipokea.

"Bado. Gari lingali hewani.
Ukikaza sasa, raba itashika umbo la mguu unaoning'inia.
Ukilishusha itajipinda siku zote, usiku na mchana,
na Ramadhani haitaifikia.
Lishushe kwanza. Libebe mwili wake. Ndipo ukaze."

Jeki ikashuka, kidogo kidogo.
Korola ikakaa kama mtu aliyevua viatu.
"Ingia nawe," akasema. "Na uzito wa keki pia."

Basi nikakaa kwenye kiti cha dereva,
gunia la unga nyuma yangu,
mikono mapajani, sina la kufanya,
huku chini yangu mtu anakaza,
bolti kwa bolti, pale pale nilipo,
na kilo zangu zote.