Kitu cha Kutosha Kiganjani

Bata mzinga aligoma.
Saa nane mchana bado alikuwa jiwe,
barafu imemkaa kifuani kama kinyongo,
na Verna, aliyemtunza kwenye friza tangu Oktoba,
alimpiga kofi moja, akamrudisha alikotoka:
"Haya, kaa na ubaridi wako. Tutaonana Krismasi."

Ndivyo tulivyoianza Sikukuu ya Shukrani,
hapa Duluth, juu ya kilima, ziwa likinguruma chini:
watu sita, viti vitano, na ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
Ndoo ni yangu kila mwaka.
Nimeizoea, nayo imenizoea.

Delmar alileta wali wa ziwani, mweusi, mwembamba,
aliouvuna mwenyewe Septemba, akiinamisha mabua
juu ya mtumbwi kwa vijiti viwili, taratibu,
kama wajomba zake walivyofundishwa na wajomba zao.
"Kwetu kushukuru hakuna siku," alisema,
"ila viazi vya Verna nitavila."
Kerttu alileta mkate wa kupigilia msumari.
Pa Houa alileta mboga alizoviringa kwa karatasi za mchele,
sinia mbili, na mwanawe Toua,
miaka kumi na sita, mabega na simu,
maneno yake yote ya mwaka ukiyapima
hayajazi kijiko.

Verna ana sheria mezani pake:
usishukuru kisichotosha kiganjani.
"Afya, familia, nchi, hayo mwachieni mchungaji.
Mimi nataka kitu cha kushika."

Kerttu alichomoa kifaa chake cha sikio:
"Kwa hiki. Sasa nawasikia mkinisengenya."
Akakirudisha haraka, asipitwe na kicheko.
Delmar aliweka ufunguo juu ya kitambaa.
Hakuueleza. Sote tunaujua mlango wake,
na majira yale aliyolala ndani ya gari.
Pa Houa, mbegu saba za pilipili,
kizazi cha kizazi cha zile mama yake alizozishona
ndani ya upindo wa sketi, usiku wa kuvuka mto.
Verna alifungua mkono. Ulikuwa mtupu.
"Arvid," alisema.
Mvuke wa viazi ukapanda, ukapotea.
Hakuna aliyemwambia kwamba amevunja sheria.

Ikafika zamu ya ndoo.

Nilitoa glavu. Moja, ya kushoto,
ya sufu ya kijivu, kidole gumba kimetoboka.
Niliiokota Februari kwenye ngazi zangu,
wiki zile nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga,
nikilala kama gogo nikisikiliza theluji ikianguka
na kuhesabu siku ambazo sitatoka.
Kila alfajiri nilikuta ngazi zimefagiliwa,
kingo zimenyooka, chumvi imenyunyizwa.
Sikuwahi kusikia beleshi.
"Simjui mwenyewe," nilisema. "Namshukuru hivyo hivyo,
bila jina, kama mtu anavyoshukuru mvua."

Kimya. Kerttu akatazama dari.
Wahenga wamesema tenda wema nenda zako;
hawakusema mtendewa aende wapi.
Toua alishika bakuli la viazi,
akampa Delmar, ambaye sahani yake ilikuwa imejaa,
na masikio ya kijana yakaiva
kama jiko la Verna.
Mama yake alimtazama mara moja,
kisha akaomba chumvi.

Tulikula mpaka mkate ukasalimu amri.
Tulicheza karata, Kerttu akatuibia waziwazi.
Wakati wa makoti na kubusiana mlangoni
niligeuka kuchukua glavu yangu mezani:
mbegu zilikuwepo, makombo yalikuwepo,
glavu haikuwepo.
Sikuuliza.

Usiku ule theluji ilishuka bila haya.
Niliamka saa kumi, kabla ya yeyote,
nikavaa buti, nikachukua beleshi,
nikazivuka ngazi zangu kama zilivyo,
magoti ndani ya weupe, nyonga ikilalamika,
nikashuka barabara hadi kwa Pa Houa.
Ngazi zao ni kumi na moja.
Nilichimba polepole,
nikiinua beleshi kwa mikono miwili
ili lisikwaruze jiwe.